Namna ya Kuendesha Ofisi ya Ukadiriaji Majenzi Nairobi Wakati Miradi Imesimama

Ofisi ya mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kupima na kukadiria gharama za ujenzi, huonja mdororo wa uchumi mapema kuliko ofisi nyingi za mji huu, kwa sababu mwenye mradi anapoanza kusita, husita akiwa bado mezani kwetu, kabla mkandarasi hajaajiri fundi hata mmoja. Simu za kuulizia makadirio zinaendelea kulia, lakini michoro hairudi, na cheti cha malipo cha mwezi uliopita kinalala kwenye droo ya mteja. Takwimu za nchi nzima hazitoshi kukuonyesha hali hiyo. Mwaka 2024 uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7, ilhali sekta ya ujenzi ilipungua kwa asilimia 0.7; nchi ilikuwa ikisonga mbele na sisi tukirudi nyuma.

Mwongozo huu nauandikia wenzangu wenye ofisi ndogo, za watu watatu hadi kumi na wawili hivi, ambazo hazina mtaji wa kungoja miaka miwili hadi hali itengemae. Jambo ninalotaka lieleweke tangu mwanzo ni kwamba kazi yetu haipotei wakati wa dhiki, bali hubadilisha swali. Wakati wa neema mteja hutulipa tumwambie jengo litagharimu kiasi gani. Wakati wa dhiki kuna watu wengine, na mara nyingi si mteja yule yule, walio tayari kulipa ili waambiwe jengo lililosimama lina thamani gani, nani anamdai nani, na itahitajika nini kulimaliza. Ofisi inayoendelea kulisubiri swali la kwanza huku mji mzima ukiuliza la pili ndiyo inayofunga milango.

Anza na fedha ulizokwisha kuzifanyia kazi

Kabla ya kutafuta kazi mpya, fungua daftari la madeni. Mwaka 2020, shughuli zilipokwama kwa sababu ya korona, nilikaa Jumamosi nzima nikiandika kwenye karatasi moja kila ankara ambayo ofisi yangu ilikuwa haijalipwa. Zilikuwa 11. Nne kati yake zilikuwa za kazi zilizokamilika zaidi ya mwaka mmoja nyuma, na nilizisahau si kwa sababu fedha hazikuwa na maana, bali kwa sababu kazi mpya ilikuwa ikiingia na kudai deni ni jambo la aibu kidogo kwa mtu aliyelelewa vizuri. Mteja mmoja, kampuni ambayo sitaitaja, alikuwa amekwisha kuuza nyumba zote za mradi huo na kugawana faida huku ada yetu ya hesabu ya mwisho ikiwa bado haijaguswa. Nilijifunza kwamba mtu asiyekumbushwa huamini kwamba umemsamehe.

Panga madeni hayo kwa umri, kisha andika mbele ya kila moja tarehe ambayo haki yako ya kudai itakwisha. Deni la mkataba wa kawaida hufa kisheria baada ya miaka 6, lakini ukiwa unaidai Serikali kwa mkataba una miaka 3 tu ya kufungua kesi, na wengi hawalijui hilo hadi wakili awaambie wamechelewa. Mteja ambaye kweli hana fedha mpe mpango wa malipo ya kila mwezi na umwombe akiri deni kwa maandishi, kwa sababu barua ya kukiri deni ina nguvu kubwa baadaye kuliko ahadi kumi za simu.

Hapo hapo iangalie kodi, ambayo imeua ofisi nyingi kuliko ukosefu wa kazi. Sheria ya VAT ya 2013 huhesabu kwamba huduma imetolewa kwenye tarehe ya mapema zaidi kati ya siku huduma ilipokamilika, siku ankara ilipotolewa, siku malipo yalipopokelewa, na, kwa upande wa ujenzi, siku ambayo msanifu majengo, mkadiriaji au mshauri msimamizi alipotoa cheti. Maana yake ni kwamba ukitoa ankara ya shilingi 1,000,000, kodi ya shilingi 160,000 inakudai ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama mteja atakulipa mwakani. Ukiwa na ankara tatu za namna hiyo zisizolipwa, umeikopesha Serikali karibu nusu milioni kwa niaba ya watu waliokataa kukulipa. Tena mteja atakapolipa, atakata asilimia 5 ya ada yako kama kodi ya zuio, na akiwa wakala aliyeteuliwa na Mamlaka ya Ushuru atakata pia asilimia 2 ya ada hiyo kama zuio la VAT. Fedha hizo ni zako, kwa kuwa hupunguzwa kwenye kodi unayodaiwa, lakini usipofuatilia vyeti vyake ni sawa na kuzitupa.

Dawa si kukwepa kodi. Dawa ni kuikata kazi vipande vidogo na kulipwa kabla ya kukabidhi kila kipande. Mkataba wako wa ada useme kwamba sehemu fulani italipwa siku ya kuteuliwa, nyingine makadirio ya awali yakiwa tayari, na kwamba BQ kamili, yaani orodha ya vipimo na bei za kazi zote, itakabidhiwa baada ya malipo ya hatua hiyo. Mteja wa zamani atanung'unika. Mwambie kwa heshima kwamba fundi wa milango naye humtaka amana kabla ya kununua mbao, na sisi mbao zetu ni mishahara.

Ulipime jengo lililosimama

Hii ndiyo kazi ninayoitegemea zaidi nyakati mbaya, na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Jengo linaposimama Kileleshwa au Ruaka, watu wengi huhitaji jibu kwa haraka: benki iliyotoa mkopo, wanunuzi waliolipia nyumba kwenye karatasi, mkandarasi aliyeondoka na madai yake, mrithi wa mwekezaji, au mnunuzi anayetaka kulichukua lilivyo. Wote wanahitaji mtu asiyeegemea upande wowote aende na futi, daftari na kamera, arudi na tarakimu anazoweza kuzitetea mbele ya msuluhishi, yaani mtu anayeamua mgogoro nje ya mahakama.

Niliwahi kupima jengo la namna hiyo, lililopangwa kuwa na ghorofa 12 likaishia ya 6. Orodha niliyopewa na mwenye mradi ilisema kuna mifuko 140 ya saruji stoo. Ilikuwepo yote 140. Nilipoigonga mmoja mmoja kwa mpini wa nyundo, 92 ilikuwa imeshikana kuwa mawe. Nikamuuliza mlinzi, “Mzee, hii simiti ililetwa lini?” Akanijibu, “Injinia, mimi nilipoletwa kulinda niliikuta.” Chini, kwenye shimo la lifti, maji yalinifika magotini. Juu, nguzo za chuma za kukodi zilikuwa bado zimeshikilia slabu ya mwisho, na mwenye kuzikodisha alikuwa akihesabu kodi kila siku kwa miezi 7, gharama ambayo haikuandikwa kwenye karatasi yoyote niliyopewa. Vipande vya nondo vilivyoachwa kwenye vichwa vya nguzo za jengo vilikuwa vimeota kutu iliyobanduka kwa kidole.

Kutokana na saiti ya namna hiyo utaona ni vitu gani vya kutenganisha. Kazi iliyokwisha kujengwa ipimwe upya kwa mkono, isichukuliwe kutoka kwenye cheti cha mwisho, kwa kuwa cheti hueleza kilichokubaliwa siku ile na si lazima kilichopo leo. Vifaa vilivyo saitini viandikwe kwa idadi na kwa hali yake, na iulizwe kama vililipiwa, kwani muuzaji asiyelipwa anaweza kuja na lori alfajiri akavichukua. Vifaa vilivyoagizwa lakini havijafika, kama lifti na madirisha ya alumini, vina amana yake mahali fulani, na amana hiyo ni mali. Gharama zinazoendelea kulimbikizwa, yaani ulinzi, bima, kodi ya kreni na ya nguzo, zipewe ukurasa wake. Mkandarasi au mwakilishi wake aalikwe kupima pamoja nawe, na akikataa, andika kwamba alialikwa, kwa tarehe.

Baada ya hapo huja gharama ya kumalizia. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuchukua bei ya mkataba, kutoa kilicholipwa, na kutangaza kwamba kinachobaki ndicho gharama ya kumalizia. Hesabu hiyo haina ukweli wowote ndani yake. Kazi iliyobaki lazima ipimwe na kuwekewa bei za leo. Lazima uongeze gharama ya kurekebisha kilichoharibika, vipimo vya uimara ambavyo mhandisi atavitaka kabla ya kukubali kupandisha ghorofa juu ya zege lililonyeshewa misimu miwili, gharama za mkandarasi mpya kuhamia saitini, na bei ya woga wake, maana hakuna mkandarasi mwenye akili atakayebeba dhamana ya kazi ya mwenzake bure. Ongeza vibali vilivyokwisha muda. Mara nyingi tarakimu hiyo inamshtua mteja, na jukumu lako ni kuitoa kama ilivyo.

Kama mteja hana uwezo wa kuendelea kwa sasa, mpe pamoja na ripoti orodha fupi ya kulihifadhi jengo: nondo zilizo wazi zipakwe uji wa saruji au zifunikwe, maji yatolewe kwenye mashimo, ngazi na kingo zizibwe mtu asianguke, vifaa vya kukodi vichunguzwe na mhandisi kisha virudishwe. Ni kazi ya wiki mbili, nayo huokoa fedha nyingi kuliko mapatano yoyote ya bei.

Benki, bima na wenye nyumba

Wakati miradi mipya ni michache, aliyekopesha ana wasiwasi kuliko aliyekopa. Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha msingi cha riba hadi asilimia 13, na ingawa kilishuka hadi asilimia 9.75 kufikia Juni 2025, mikopo ya ujenzi iliyochukuliwa katikati ya kipindi hicho iliacha makovu. Benki huhitaji mkadiriaji wa kuthibitisha kwamba kazi inayoombewa fedha imefanyika kweli, na kwamba salio la mkopo pamoja na fedha za mwenye mradi linatosha kumaliza kilichobaki. Nenda kwa maafisa wa mikopo ukiwa na ripoti ya mfano ya kurasa nne, si wasifu wa kurasa arobaini. Ukiingia kwenye kazi hii, usiwe mkadiriaji wa mwenye mradi na wa benki kwa wakati mmoja bila pande zote kujua na kukubali kwa maandishi. Nimeona jina lililojengwa kwa miaka 20 likichafuka kwa mkataba mmoja wa namna hiyo.

Tathmini ya bima nayo haitegemei msimu. Majengo mengi ya Nairobi yamekatiwa bima kwa bei ya kuyanunua au kwa tarakimu ya miaka kumi iliyopita, na wenyewe hawajui kanuni ya wastani. Waeleze kwa mfano: jengo ambalo kulijenga upya kungegharimu shilingi milioni 100 likikatiwa bima ya milioni 60, na moto ukaleta hasara ya milioni 20, bima italipa milioni 12 tu. Mwenye jengo akilielewa hilo, ada ya tathmini haimuumizi tena.

Sehemu ya tatu ni majengo ya nyumba zenye wamiliki wengi. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 ianze kutumika, wamiliki wa nyumba za ghorofa wana shirika lao la kusimamia jengo, nalo linapaswa kupanga fedha za matengenezo. Wengi wao hupanga kwa kukisia. Mkadiriaji anayeweza kuwaambia kwamba paa litahitaji kutengenezwa baada ya miaka kadhaa, lifti baada ya mingine, na kwamba kila nyumba iweke kiasi fulani kwa mwezi, amewapa kitu wanachokihitaji hasa. Ada ni ndogo, lakini inalipwa kila mwaka, na wamiliki 60 ni wateja 60 watakaojenga siku moja Kitengela au Ruiru.

Wahasibu pia wafikirie. Mashine, jengo la kiwanda na jengo la biashara hazipati nafuu ya kodi kwa kiwango kimoja, na mhasibu akipewa tarakimu moja ya mradi mzima hana namna ya kuigawa. Sisi tunayo BQ.

Madai na usuluhishi

Kila mdororo huacha nyuma yake mzigo wa mashauri. Uingereza, mdororo wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulizaa ripoti ya Michael Latham ya 1994, na kutokana nayo sheria ya 1996 iliyowapa wahusika wa mikataba ya ujenzi haki ya kupata uamuzi wa haraka juu ya migogoro yao. Sisi hatuna sheria kama hiyo; uamuzi wa haraka tunaupata pale tu mkataba unapouruhusu. Kwa hiyo ukishauri juu ya mkataba leo, hakikisha kifungu hicho kimo, kwa kuwa mkandarasi anayesubiri usuluhishi wa miaka mitatu anaweza kuwa amekwisha kufilisika kabla haujaanza.

Ukitaka kuingia kwenye kazi hii, jifunze kwanza. Sheria ya Usuluhishi ya 1995 si ndefu, isome yote. Tawi la Kenya la taasisi ya wasuluhishi hutoa mafunzo hapa hapa Nairobi, na Kituo cha Usuluhishi wa Kimataifa cha Nairobi kilianzishwa kwa sheria ya 2013. Lakini huhitaji kuwa msuluhishi ili upate riziki. Wakandarasi wengi wanashindwa madai ya haki kwa sababu kumbukumbu zao ni za ovyo: shajara ya saiti ina siku za mvua lakini haina siku za kusubiri michoro, na maagizo ya kubadilisha kazi yalitolewa kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu uliofutika. Jitolee kuwaandalia kumbukumbu hizo mapema, kila mwezi, kabla ugomvi haujaanza. Ni kazi nyepesi zaidi kuliko kufukua ukweli miaka miwili baadaye.

Na ukiitwa kama shahidi mtaalamu, kumbuka kwamba unawajibika kwa baraza linalosikiliza shauri, ingawa upande mmoja ndio unaokulipa. Mteja akitaka maneno mengine, mrudishie faili.

Ada, na namna ya kuokoa fedha za mteja bila kujiumiza

Hapa nina msimamo mkali. Viwango vya ada vilivyo chini ya Sura ya 525 ya Sheria za Kenya, sheria ya wasanifu majengo na wakadiriaji, hupima ada ya mkadiriaji kwa asilimia ya gharama ya kazi. Wakati wa dhiki mteja anakuita umpunguzie gharama. Unafanya kazi mara mbili, unakata gharama kwa asilimia 15, na ada yako nayo inakatwa kwa asilimia hiyo hiyo. Umejiadhibu kwa kufanya kazi vizuri. Kazi ya kupunguza gharama iwe na mkataba wake, wa kiasi maalumu au wa saa, ulioandikwa kabla ya kufungua michoro. Na usikubali mashindano ya kukata ada hadi chini ya gharama zako kwa sababu tu ofisi ya jirani imefanya hivyo, kwani mkadiriaji aliyekubali ada isiyolipa muda wake atapima kwa kukisia, na mwenye jengo ndiye atakayelipa tofauti hiyo.

Katika kupunguza gharama zenyewe, fedha ziko chini ya ardhi kuliko juu. Maegesho ya chini ya jengo, hasa pale ambapo Nairobi ina mwamba, ni sehemu ghali mno, na mara nyingi mpango mwingine wa kuegesha magari huondoa ghorofa nzima ya kuchimba. Mahali penye udongo mweusi, chimba mashimo ya majaribio kabla ya kukadiria, kwa sababu kina cha udongo huo kikikosewa kwa mita moja akiba yote ya dharura imekwisha. Urefu wa slabu kati ya nguzo, idadi ya aina za milango, na kujenga kwa awamu ili ghorofa za kwanza zianze kulipa kodi ya nyumba, hayo yote yana akiba ya kweli. Vigae na rangi, ambavyo mteja hukimbilia kuvikata kwanza, vina akiba ndogo na majuto makubwa.

Kuna mambo ambayo hayapunguzwi. Nondo, ubora wa zege, kumwagilia zege hadi likomae, na vizuizi vya maji si mahali pa kutafuta akiba. Aprili 2016 jengo la makazi lilianguka Huruma usiku wa mvua na kuua zaidi ya watu 40. Mteja akikuambia upunguze nondo “kidogo tu” kwenye BQ, mwambie kwamba hilo ni la mhandisi wa miundo kuamua kwa hesabu na saini yake, na wewe utaandika bei ya alichokiamua. Akisisitiza, ondoka kwenye mradi huo kwa barua, hata kama mwezi huo huna kazi nyingine. Ninajua ninachokuomba ninaposema hivyo.

Bei nazo ziandikwe kwa uangalifu. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Aliyekadiria lifti na jenereta bila kuandika kiwango cha dola alionekana mwongo mara mbili kwa mwaka mmoja. Kila kadirio liwe na tarehe ya bei, kiwango cha ubadilishaji, na muda wa uhalali wake. Shirika la Taifa la Takwimu hutoa kila robo mwaka kielelezo cha bei za vifaa na kazi za ujenzi; kitumie, kisha kipime na bei unazopewa na wauzaji wa Industrial Area wiki hiyo hiyo. Katika kazi za umma kumbuka kwamba sheria ya ununuzi ya 2015 hairuhusu bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 ya kwanza, na mabadiliko yote kwa jumla hayawezi kuzidi asilimia 25 ya bei ya awali, kwa hiyo kosa la makadirio kwenye zabuni ya umma halina mlango wa nyuma.

Kuhusu kazi za Serikali zenyewe, nina neno moja tu la tahadhari. Fedha zipo, kwa mfano za makazi ya bei nafuu yanayolipiwa na ushuru wa asilimia 1.5 ya mishahara, lakini malimbikizo ya madeni yamewafilisi watu hodari. Sheria hiyo ya 2015 inamkataza afisa mhasibu kuanza zabuni kabla ya kuridhika kwamba fedha zimo katika bajeti iliyoidhinishwa. Uliza kama zimo. Ukijibiwa kwa tabasamu, hesabu muda wa kungoja kwenye uamuzi wako.

Ndani ya ofisi

Tengeneza kadirio la fedha la wiki 13, linalosahihishwa kila Ijumaa, lenye safu mbili: fedha ulizoahidiwa na fedha unazoamini kweli kwamba zitaingia. Mishahara, kodi na bima zitoke kwenye safu ya pili.

Bima ya dhima ya kitaaluma isikatwe. Inavutia kuikata kwa sababu ni hundi kubwa moja kwa mwaka, lakini bima hiyo kwa kawaida hulipa madai yanayoletwa ikiwa hai, bila kujali kazi ilifanywa mwaka gani. Ukiiacha ife leo, kazi zako zote za nyuma zinabaki uchi, na ni katika mdororo hasa ambapo mwekezaji aliyepata hasara hutafuta mtu wa kumdai.

Ikibidi kupunguza wafanyakazi, zungumza nao kwanza juu ya kupunguza siku za kazi kwa makubaliano ya maandishi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba, pamoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Lakini kabla ya kufika huko, fikiria nani anaondoka. Ofisi nyingi huwaacha vijana kwa sababu ni rahisi kuwaacha, kisha kazi zinaporudi hakuna anayejua kupima. Kijana aliye katikati ya mafunzo ya kusajiliwa akikosa saini za daftari lake la kazi hupoteza mwaka mzima au zaidi. Kama huna mshahara wote wa kumpa, mpe nusu wiki na saini zake zote, umpeleke kwenye vipimo vya majengo yaliyosimama, ambako atajifunza kwa mwezi mmoja kile ambacho mimi nilikijua baada ya miaka mitano. Kijana niliyekuwa naye siku ile ya mifuko 92 ya saruji ndiye sasa anayeongoza vipimo hivyo katika ofisi yangu, na nyundo yenye mpini mrefu haitoki kwenye gari lake.